Fundi Aliyeuliza Hewa Iko Wapi

Hakuna wiki inayopita bila mtu kuegesha gari mbele ya karakana yangu, akaegemea mlango na kuniuliza swali lile lile: nikiweka chipu kwenye gari langu lisilo na turbo, nitapata nguvu? Wanakuja kwangu kwa sababu wanajua kwamba katika mji wetu wote wa Rubavu hakuna anayenizidi katika jambo hilo. Nina diploma ya ufundi wa magari niliyoisomea Tanzania, nikipakua malori ya mahindi alfajiri na kuingia darasani saa mbili. Nilirudi nchini na begi moja na kompyuta moja, bila mjomba wa kunishika mkono. Leo karakana yangu ina sakafu ya vigae, na madereva wa Goma wanavuka mpaka kunifuata. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu aliyejijenga mwenyewe asipojisemea hakuna atakayemsemea.

Lakini ninapolijibu lile swali, sauti inayotoka kinywani mwangu si yangu. Ni ya mzee ambaye hakumaliza hata shule ya msingi. "Hewa utaitoa wapi?" nasema, kisha nashtuka, kama mtu aliyeitwa kwa jina kutoka ndani ya nyumba isiyo na watu.

Sisi sote tulimwita Fundi. Mafundi walikuwa wengi, lakini ukisema Fundi peke yake, bila kuongeza kitu, kila mtu alijua ni yeye.

Karakana yake haikuwa na ukuta. Ilikuwa kiwanja cha mawe meusi ya volkano kando ya barabara ya Grande Barrière, kivuko kikuu cha mpaka, na mabati manne juu ya nguzo za mikaratusi. Kifaa chake kikuu kilikuwa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti. Aliweka ncha juu ya injini inayounguruma, akaubana mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Ukimsemesha wakati huo alikunyamazisha kwa kiganja. "Ngoja. Haijasema bado."

Na kweli, baada ya muda ilisema. Siku moja afisa wa jeshi alileta gari kubwa lililokuwa likitoa mlio ambao karakana tatu zilishindwa kuupata. Fundi alikuwa ng'ambo ya barabara, anakula viazi na maharage kwenye sahani ya bati. Hakusimama hata kidogo. Alisikiliza gari lilivyokata kona na kusimama, akameza, akaita kwa sauti: "Chef! Toa ile chupa ya soda chini ya kiti chako." Afisa akainama, akatoa chupa. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Fundi hakucheka. Alirudi kwenye viazi vyake.

Hata hivyo alikosea pia, na alipokosea hakukubali. Nilimwona akifungua gia nzima ya lori, akaipanga sehemu kwa sehemu juu ya gunia, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye gurudumu. Alilitazama lori lile kwa hasira ya kweli. "Imenidanganya, ile mujinga," alisema, na kwa juma zima hakulisemesha.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja kwa tajiri wala kwa askari. Gari lolote lililotoka mikononi mwake lilipanda kwanza mlima mpaka Nyakiriba kabla mwenyewe hajapewa ufunguo. Mimi nilipima magari kwenye barabara tambarare ya ziwani, kompyuta ikiwa juu ya kiti cha abiria, namba zikitembea kwenye kioo. Yeye alinipungia mkono kama mtu anayefukuza kuku. "Hapa chini kwa ziwa kila gari iko muzuri," alisema. "Hata mi hapa chini niko muzuri. Mupandishe kule juu, njo utajua ni nani."

Mimi alinibatiza Diplome, siku ya kwanza tu. Nilikuwa nimemsalimu kwa heshima, kama nilivyolelewa: "Shikamoo, Mzee." Akaniangalia toka viatu mpaka nywele. "Shikamoo! Eh, Tanzania imefika. Bonjour, mutoto." Kisha akauliza nimesomea nini, nikamwambia, naye akasema kwamba yeye pia ana diploma, akanionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kulia ambacho mkanda wa feni ulikikata nusu. "Hii njo niliandikiwaka na motere yenyewe."

Habari ya chipu ilipomfikia, aliniita mbele ya mafundi wote.

"We Diplome, kuya huku. Banasema unauzia batu puce."

"Ndiyo, Fundi. Ni programu tu. Naiandikia kompyuta ya gari ramani mpya ya mafuta na cheche."

"Bon. Ile gari iko na turbo?"

"Mengine yana turbo, mengine hayana."

"Ile haina. Hewa iko wapi?"

Nikamweleza kwa utulivu, kama mwalimu. Nikasema injini yenye turbo inasukumiwa hewa, kwa hiyo ukiiambia kompyuta iruhusu hewa zaidi na mafuta zaidi, nguvu inaongezeka na dereva anaisikia mgongoni. Isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Hapo chipu inawahisha cheche kidogo, inapanga mafuta vizuri zaidi, inafanya kanyagio la mafuta liwe jepesi.

"Donc hewa haiongezeke."

"Haiongezeki. Lakini iliyopo inatumika vizuri."

"Mutu wa mapafu kidogo, umemuvalisha viatu vya mupira." Akawageukia wenzake. "Na kule juu hewa yenyewe inapunguka. Puce ya huyu itaenda kuiomba wapi? Kwa padri?"

Walinicheka, nami nikaondoka na kichwa kimeinuliwa. Nilijua anasema kweli. Nilikuwa nimepima mwenyewe, na tofauti niliyoipata katika injini ndogo isiyo na turbo ilikuwa ndogo kiasi kwamba upepo wa mbele ungeweza kuileta na kuiondoa. Lakini wateja walikanyaga, gari likaruka kidogo, wakatabasamu. Nilijiambia kwamba tabasamu nalo ni bidhaa.

Msidhani alikuwa adui yangu. Taa ya onyo ikigoma kuzimika kwenye gari la mtu, alisema, "Peleka kwa Diplome, ile taa iko ya kisomi." Alinidharau asubuhi na kuniletea wateja mchana. Alilaani kompyuta, lakini nilimkuta mara mbili amesimama dirishani kwangu, anatazama namba zikicheza, midomo yake ikitembea.

Alikuwa Mwislamu, na mkewe alikuwa Mkatoliki, wote wakiwa na ndugu upande wa Goma wa kila dini. Kila Jumapili alimfikisha mkewe mlangoni mwa kanisa, akabaki nje akisikiliza magari ya waumini yalivyokuwa yakiingia. Misa ilipokwisha alikuwa na orodha kichwani: wewe, breki, wewe, mkanda, wewe, Mungu akusaidie. Mkewe alimvuta shati. "Yewe, waache watu wamalize kuombewa kwanza!"

Mama huyo alivuka mpaka kila asubuhi na vitenge, akarudi jioni na habari za mji mzima. Mimi aliniita mwanangu, akaniuliza kama huko Tanzania walinifundisha kula, akanijazia sahani. Na alipenda mwendo. Watu walidhani Fundi ndiye mwenye mguu mzito, kwa sababu alishuka mlima wa Nyakiriba kama aliyefukuzwa. Ukweli ni kwamba mkewe alikaa pembeni, mkono nje ya dirisha, akimwambia, "Vipi, tumebeba jeneza?" Naye, mtu asiyemtii afisa wa jeshi, alikanyaga.

Kisha akaja yule dereva wa teksi kutoka Cyanzarwe, mtu mzima, baba wa watoto watatu. Gari lake lilikuwa dogo, injini ya lita moja na nusu, bila turbo. Alikuwa amechoka kupitwa na mabasi kwenye mlima na kuzomewa na abiria. Nilimfanyia kazi ambayo niliiona kuwa ya kisomi kuliko zote. Kitabu kinasema kwamba mahali pa juu, penye hewa nyepesi, injini haigongi upesi, yaani mafuta hayalipuki kabla ya wakati wake, kwa hiyo unaweza kuwahisha cheche kuliko kawaida. Nikaiwahisha. Nikapunguza mafuta kidogo ili asile hasara. Nikajaza petroli safi kutoka kituoni, nikapima barabara ya ziwani, namba zikatoka nzuri. Nikajiona mtu.

Fundi alifika nikiwa nafunga kisanduku cha kompyuta.

"Na itakunywa nini?" aliuliza.

"Petroli, Fundi. Au unadhani nimeiwekea urwagwa, pombe ya ndizi?"

Dereva alicheka. Fundi hakucheka. "Kule Cyanzarwe banakunywishaka ya chupa," alisema, akaenda zake.

Nilimsikia. Nataka hilo lieleweke. Nilijua petroli ya chupa ni nini: inayovushwa kwa njia za vichochoro, inauzwa mlangoni, na mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa. Injini iliyotulia inaweza kuimeza, ikakohoa kidogo, ikaendelea. Injini ambayo cheche zake zimewahishwa kama nilivyoziwahisha haiwezi. Ilinitosha kumgeukia dereva na kumwambia neno moja. Sikumwambia, kwa sababu kumwambia kungekuwa kukubali mbele yake kwamba mzee alikuwa ameona nisichokiona.

Miezi michache baadaye, asubuhi ya siku ya soko, mkewe Fundi, aliyekuwa mgonjwa tangu juzi, alibanwa na kifua. Binti yao alikuwa muuguzi Musanze, wakaona wampeleke kwake. Gari la Fundi lilikuwa limefunguliwa, vipande viko juu ya gunia. Teksi iliyokuwa karibu ilikuwa ile ya Cyanzarwe. Mama akalazwa kiti cha nyuma, Fundi akakaa naye, wakaondoka.

Injini ilikufa juu kidogo ya Nyakiriba. Walikaa kando ya barabara zaidi ya saa moja kabla ya kupata gari lenye nafasi. Mama alifika kwa binti yake akiwa hai, akafa jioni ile ile. Walisema ni moyo. Hakuna aliyewahi kuniambia kama ile saa moja ilikuwa na maana, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza mtu anayejua.

Siku chache baada ya mazishi Fundi alilivuta gari lile mpaka kwenye kiwanja chake, akalifungua peke yake. Nilikwenda. Dereva alikuwa amesimama pale, mikono kifuani, na watu kama kumi nyuma yake. Fundi alitoa pistoni ya tatu, akaigeuza kwenye mwanga, na kabla hajaifunika kwa kitambaa niliiona. Katikati yake palikuwa na tundu, kingo zimeyeyuka kama mshumaa. Tundu la namna hiyo linatoka kwenye cheche iliyowahi mno, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kulisoma.

Akaitia pistoni mfukoni mwa koti.

"Ni uzee," aliwaambia watu. "Motere ilichoka. Haiko kosa ya mutu."

Dereva akaanza kulia. Alinishika mkono pembeni, akaniambia kwa kunong'ona kwamba asubuhi ile, kwa haraka ya kumbeba mgonjwa, hakwenda kituoni, alitia lita tano za chupa. Akauliza kama ndizo zilizoua gari. Nikamjibu, "Umemsikia Fundi, ni uzee." Ndivyo nilivyosema. Mimi mwenye diploma nilijificha nyuma ya neno la mtu ambaye nilikuwa nimemfanya afiwe na mkewe, au sikumfanya. Hapo ndipo ninapozunguka mpaka leo.

Haukupita muda mrefu Fundi akafunga kiwanja na kuhamia kwa mdogo wake Nyakiriba. Mabati yaliondolewa. Mawe meusi yalibaki, na madoa ya oili ambayo mvua haijayatoa. Karakana yangu ilikua. Niliacha kugusa magari yasiyo na turbo; watu walidhani ni maringo, nami nikawaachia wadhani hivyo. Lakini barabara ya kwenda Kigali ni moja. Kila nikipita pale juu kidogo ya Nyakiriba nafungua redio kwa sauti kubwa, kwa sababu injini ikigonga inatoa mlio mdogo, kama changarawe kwenye kopo, na pale mahali mimi nausikia hata kwenye gari jipya, hata kwenye gari la umeme la mteja mmoja ambalo halina kitu cha kugonga. Mke wangu ameacha kuniuliza. Anatazama nje upande wake mpaka tunapita.

Mwaka jana niliegesha. Sijui kwa nini siku ile. Nilipanda kwa miguu kati ya mashamba ya karoti, nikauliza, nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anachambua viazi vya mbegu, amekonda, koti limekuwa kubwa.

"Shikamoo, Fundi."

Hakugeuka. Nikarudia. Mwanamke mmoja shambani akanipigia kelele: "Hasikii, huyo! Semea juu!"

Nikazunguka mbele yake. Alinitambua, akafurahi, akapangusa gunia nikae. "Diplome! Umenenepa. Masikio ilikufa, mutoto. Yote mbili. Ongea kama uko ng'ambo ya barabara."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miaka. Niliyapanga yawe ya chini, ya mtu na mtu, yenye heshima. Ikabidi niyapige kelele. Nikapaza sauti kwamba ni mimi. Kwamba niliwahisha cheche kupita kiasi, kwamba alinionya kuhusu petroli ya chupa nami nikanyamaza, kwamba niliiona pistoni. Majembe yalisimama shamba zima. Mimi ambaye huwa naingia ofisi yoyote ya mji huu nikasikilizwa, nilisimama katikati ya viazi nikipiga mayowe ya aibu yangu, na aliposema "Nini?" nikarudia sentensi ya mwisho kwa nguvu zaidi.

Alisikiliza akitazama midomo yangu. Kisha akachukua kiazi, akakitazama macho yake ya kuchipulia, akakiweka upande wa vizuri.

"Ile najua," alisema. "Nilijua siku nilifungua."

"Kwa nini hukusema? Wangenivunjia mlango!" nikapiga kelele.

"Njo maana."

Nikangoja. Majembe yakaanza tena, moja moja. Nilidhani amemaliza, nikaona kitu kama msamaha kinanijia, nikaanza kusimama. Akanishika suruali.

"Kaa. We umesema ya kwako." Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi niiname. "Mi nilisikia. Tangu Rugerero, kule chini ya mulima, nilisikia motere inagonga. Kidogo, tiki-tiki, chini kabisa. Dereva hakusikia. Nilijua ni puce yako, nilijua ni mafuta ya chupa, nilijua kama atapunguza mwendo itafika polepole, itafika tu. Saa hizo nilikuwaka na masikio."

"Sasa kwa nini..." nilianza, bila kupaza sauti. Aliisoma midomo yangu.

"Mama aliamuka pale nyuma. Kichwa yake ilikuwa hapa, kwa mapaja yangu. Akasema, 'Leo hii gari inapanda vizuri.' Akacheka kidogo. Siku mbili hakuwa amecheka." Alikuwa akiugeuza mkono wake wa kulia, ule wa kidole nusu, kiganja juu, kiganja chini. "Niambie kweli, we ulisomaka. Ilikuwa inapanda vizuri?"

Nilifikiria kumdanganya. Kisha nikatikisa kichwa: hapana. Nikapiga kelele, ili nisije nikasingizia masikio yake: "Hapana, Fundi! Ni kanyagio tu! Haikuwa na nguvu yoyote!"

"Eh. Haikuwa nayo," alisema. "Lakini yeye alifurahi. Donc mi nikamuambia dereva: kanyaga."